Baba watoto hataki kusaini watoto wahamie Kanada, nifanyeje?

"Salaam wakili. Naishi Jinja na watoto wangu wawili, wa kike ana miaka 11 na wa kiume 6. Mimi na baba yao tuliachana miaka minne iliyopita, ndoa ilikuwa ya msikitini na talaka ikapitia kwa kadhi, kadhi akaandika watoto wakae na mimi. Yeye yuko Mbale na familia nyingine, pesa ya matumizi anatuma akipenda, mwaka huu ametuma mara mbili tu. Mwaka jana niliolewa na mwanaume anayeishi Winnipeg na sasa anatuvuta mimi na watoto tuhamie huko moja kwa moja. Kule wanataka saini ya baba watoto. Nilipompigia akasema nilete milioni tano ndo asaini, alafu mama yake akachukua simu akaniambia watoto ni wa ukoo, hawaendi popote. Rafiki yangu anasema niape tu kwamba baba hajulikani alipo, eti wengi wamepita hivo. Mwingine anasema kwa kuwa hatoi matumizi hana haki tena na barua ya LC1, serikali ya kijiji, inatosha. Mtoto mkubwa naye ameanza kulia usiku, sijui amesikia nini. Naogopa nitaondoka niwaache, au nikose yote. Nifanyeje?"

Waalaikum salaam dada yangu. Nimeelewa hofu yako, na naiona iko pande mbili: unaogopa kwamba maisha ya wanao yameshikwa na mtu ambaye hata sabuni hanunui, na unaogopa pia kwamba ukimzunguka utaharibu kila kitu. Hofu ya pili ndio ya kuisikiliza kwanza.

Hicho kiapo usikiape. Na kama ulishakiapa, kiweke mbali, kisiingie kwenye faili. Baba "hajulikani alipo" ni mtu ambaye mwaka huu amekutumia pesa kwenye simu mara mbili, meseji za mobile money zina jina lake na tarehe, na juzi tu mmeongea. Kuapa uongo ni kosa la jinai hapa Uganda, na kwa watu wa viza wa Kanada kudanganya kwenye ombi kunaweza kukufungia mlango miaka 5. Baba wa watoto akipata habari, anahitaji kuandika malalamiko mara moja tu na kuambatanisha picha za meseji zenu. Hao "wengi waliopita hivo" rafiki yako anawajua waliopita tu, mimi waliokwama ndo wanakuja ofisini kwangu.

Sasa hili la matumizi, kwa sababu nalisikia karibu kila wiki. Kutotoa matumizi hakumfutii mzazi haki yake. Katiba yetu ya 1995 inasema kulea watoto ni haki na wajibu wa wazazi, na Sheria ya Watoto inaweka jukumu la mzazi kwa wote wawili, na jukumu hilo haliishi kwa talaka. Baba asiyetoa matumizi ana deni, unaweza kumshtaki kwenye Mahakama ya Familia na Watoto alipe, na uzembe wake utahesabika siku jaji anapopima nani amekuwa akiwalea hawa watoto, lakini bado ni baba na neno lake linatakiwa kusikilizwa. Mahakama pekee ndio inaweza kusema saini yake haihitajiki, wewe huwezi kujiamulia hivo na mwenyekiti wa LC1 pia hawezi.

Na sheria hiyohiyo inakulinda wewe kwa mama mkwe wako wa zamani. Mtoto kuwa wa ukoo ni jambo la kweli kwenye jina, kwenye mazishi, kwenye kujua ndugu zake, sitaki ulidharau. Lakini mahakamani swali la kwanza na la mwisho ni ustawi wa mtoto, na mila ikigongana na Katiba ni Katiba inayosimama. Bibi hana fomu ya kusaini, anachoweza ni kumshika mwanae mkono asisaini, na hapo ndo inabidi uwe na busara naye.

Barua ya LC1 ina kazi yake: inaonyesha watoto wanaishi wapi na nani, afisa wa ustawi wa jamii ataitaka, hakimu ataitaka. Karatasi ya kadhi pia itunze vizuri, inaonyesha talaka na kwamba kadhi aliandika watoto wakae kwako. Ila zote mbili usizitegemee peke yake kwenye ombi la kuhamia. Mtu wa viza aliyekaa mbali anatafuta kimoja kati ya viwili, saini ya baba au amri ya mahakama.

Kitu kinachochanganya watu wengi ni kudhani ridhaa ni karatasi moja, kumbe unagonga milango tofauti. Kwenye paspoti ofisi ya Kyambogo wataangalia cheti cha kuzaliwa kutoka NIRA, ile mamlaka ya usajili na vitambulisho, na vitambulisho vya wazazi, na baba akikubali pale amekubali mtoto awe na paspoti, basi. Alafu kuna viza: Kanada wana fomu yao kabisa, inaitwa IMM 5604, ya mzazi ambaye hasafiri kutangaza kwamba amekubali mtoto wake ahamie huko, inasainiwa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka na inaambatana na kopi ya kitambulisho chake chenye saini. Mwisho kuna uwanja wa ndege wa Entebbe, ambapo afisa akiona mama na watoto wawili bila baba anaweza kuuliza maswali, na usimkasirikie, tangu sheria ya 2009 ya kuzuia biashara ya binadamu wanatakiwa kuwa macho na watoto. Kwa hiyo ile barua ya mistari mitatu, "namruhusu mke wangu wa zamani asafiri na watoto", inafaa kwa harusi ya wiki mbili Nairobi. Haifai kwa kuhamia. Ridhaa ya kuhamia lazima iseme neno lenyewe, kwamba wanaenda kuishi moja kwa moja, nchi gani, na nani.

Hapa nataka tukae kidogo upande wa baba watoto, hata kama amekuudhi. Kuna mkataba wa kimataifa wa 1980, wa Hague, unaosaidia kumrudisha haraka mtoto wa chini ya miaka 16 aliyepelekwa nchi nyingine bila ridhaa ya mzazi mwenye haki. Kanada wamo. Uganda hatumo. Maana yake watoto wakishavuka na wewe ukaamua kubadilisha namba ya simu, yeye hana njia hiyo ya haraka, itabidi atafute wakili Winnipeg kwa pesa asizokuwa nazo na aanze kesi kwenye nchi hajawahi kukanyaga. Pengine hajui hata jina la huo mkataba lakini hali yenyewe anaihisi, anajua ndege ikiruka amekwisha. Na jaji wa hapa anaijua vizuri zaidi yake, ndio maana atakuuliza maswali mengi kuhusu baada ya kufika kuliko kuhusu tiketi.

Kwa hiyo, dada, mpaka sasa umemuomba saini. Hujamwambia atabaki vipi kuwa baba. Hiyo ndo kazi yako ya kwanza, kabla ya wakili, kabla ya milioni tano, kabla ya kesi.

Nakumbuka baba mmoja wa upande wa Tororo, dereva wa lori, mtu mkubwa wa mwili na mkali. Alikaa mbele ya meza yangu, kalamu mkononi, kifuniko ameshatoa, akaiweka chini. Akaichukua tena, akaiweka tena. Mama wa mtoto alikuwa anatetemeka kwa hasira, alidhani anacheza na muda wake. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo sana: "Mama yangu akifa, mtoto atakuja kuzika?" Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Tukaandika sentensi moja, kwamba ukitokea msiba wa bibi au babu mzaa baba mama atajitahidi kumleta mtoto, na ikishindikana mtoto atashiriki kwa simu ya video. Akasaini. Miezi mitano walikuwa wamebishana kuhusu matumizi, kumbe mwenzao alikuwa anawaza kaburi.

Kaa chini uandike mpango wako kwenye karatasi ya kawaida, kwa Kiswahili au lugha mnayoelewana wote. Andika watoto watakaa mtaa gani, shule gani, nani atawachukua ukiwa kazini. Siku ya simu andika kwa saa kamili, usiandike "watawasiliana mara kwa mara", hiyo haina maana kwa mtu yeyote. Andika hivi: kila Jumamosi saa 1 jioni saa za Uganda, ambayo kwa Winnipeg ni saa 5 asubuhi kipindi cha joto na saa 4 asubuhi kipindi cha baridi, mama atawapigia video na watoto watakuwa wameamka. Andika likizo: shule za huko zinafunga Julai na Agosti, sio Desemba kama sisi, basi baada ya mwaka mmoja au miwili watoto watakuja lini, wiki ngapi watalala kwa baba Mbale, na tiketi inalipwa na nani. Usiahidi kila mwaka kama mumeo hana uwezo huo, tiketi tatu za kwenda na kurudi ni pesa nyingi na ahadi utakayoivunja itarudi kukuhukumu. Andika kwamba ripoti za shule na za hospitali atatumiwa, kwamba majina yao hayatabadilishwa, kwamba dini yao mtaitunza vipi. Na uandike mtoto akishindwa kabisa maisha ya huko mtakaa mzungumze nini, hiyo inampa baba pumzi.

Mpango huo usiupeleke wewe kwa simu. Mama yake yuko pembeni, spika imewashwa, unategemea nini? Tafuta mtu ambaye yeye anamheshimu, kadhi aliyewapa talaka anaweza kuwa mzuri, au mjomba wake, au afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, kupatanisha familia ni sehemu ya kazi yao. Kutaneni Mbale kwake, sio Jinja, asije na hisia kwamba ameitwa kwenye kikao cha kupokonywa. Na bibi mwalike. Najua hutaki, lakini bibi aliyekaa kwenye kikao na kupewa nafasi ya kusema, na kuambiwa mbele ya watu kwamba Jumamosi na yeye atawaona wajukuu kwenye simu, si bibi yule aliyekupigia kelele.

Kuhusu milioni tano: usitoe. Uwezo unaweza kuwa nao au usiwe nao, tatizo ni kwamba pesa ikitembea kati ya wazazi alafu mtoto akavuka mpaka, hiyo kwenye macho ya mpelelezi inaonekana kama mtoto ameuzwa, na nyote wawili mtaeleza. Tena aliyesaini kwa tano leo kesho atataka mbili nyingine za "kuthibitisha". Lakini muulize kupitia huyo mtu wa kati, milioni tano ni za nini? Wakati mwingine ni tamaa tu. Wakati mwingine mtu anahesabu nauli ya kwenda kuwaona, au anasema kwa lugha mbaya kwamba na yeye anapoteza kitu. Nauli ya watoto kuja kumuona inaweza kuandikwa kwenye mpango waziwazi. Pesa ya saini haiandikiki popote. Na deni lake la matumizi usilitumie kama sarafu, "saini nikusamehe", maana matumizi ni haki ya watoto, si yako kuyauza.

Akikubali, msiishie kwenye kupeana mikono. Jazeni ile fomu, isainiwe mbele ya wakili anayethibitisha nyaraka, alafu mpango wenu upelekwe mahakamani usajiliwe kuwa amri ya makubaliano. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu ya gharama na mimi nawaambia ndio hatua yenye thamani kuliko zote, inakulinda wewe asije kugeuka wiki ya safari na inamlinda yeye usije kupotea. Wakili wako amuulize pia mwenzake wa Winnipeg kama mahakama ya huko inaweza kutoa amri inayofanana na hiyo, ili Jumamosi zake ziwe na nguvu hata kule. Wewe mwenyewe ukilipendekeza hilo, utaona sura yake inavyobadilika. Na karatasi za hapa zitakazotumika nje, uliza mapema kama zinahitaji kupitia Wizara ya Mambo ya Nje Kampala kuthibitishwa, usisubiri dakika ya mwisho.

Na akikataa kabisa? Hapo unaenda mahakamani na hakuna aibu. Hata Jinja ipo Mahakama Kuu, na kwa jambo la kuhamisha watoto nchi moja kwa moja napendelea Mahakama Kuu kuliko ya hakimu, kwa sababu amri yake inapokelewa kwa urahisi zaidi nje. Unaomba uangalizi wa watoto na ruhusa ya kuhama nao bila saini yake. Atapelekewa samansi, akikwepa mahakama inaweza kuruhusu apewe taarifa kwa tangazo la gazeti. Afisa wa ustawi wa jamii atakuja kwako, atakaa sebuleni, ataangalia watoto wanalala wapi, ataongea na shule, atamsikiliza na baba pia, alafu ataandika ripoti, na ripoti hiyo ina uzito sana. Jaji atapima mahitaji ya watoto, mabadiliko yatawaathiri vipi, nani ana uwezo wa kuwalea, na watoto wenyewe wanataka nini kulingana na umri wao. Ataulizia huyo mume mpya pia, watoto wamemjua muda gani, wamekaa naye au wanamjua kwenye simu tu. Sitakudanganya: unaweza kushindwa. Mama aliyelea peke yake miaka minne ana kesi nzuri, lakini mume wa mwaka mmoja ambaye watoto hawajaishi naye ni sehemu dhaifu ya kesi yako, na wakili wa baba ataigonga hapohapo. Na sio kesi ya wiki mbili, kwa hiyo anza kabla viza haijawa na tarehe ya mwisho. Baba naye anaweza kuwahi kuomba amri ya kuzuia watoto wasitoke nchini, sababu nyingine ya kuanza kwa mazungumzo na sio kwa kujificha.

Binti yako wa miaka 11 anayelia usiku, kaa naye. Usimuulize "unataka kwenda au kubaki", huo ni mzigo wa kuchagua mzazi. Muulize anaogopa nini. Inawezekana amesikia ile simu ya bibi. Inawezekana anadhani hatamuona baba tena, na ukimsomea ile sehemu ya Jumamosi na likizo atatulia kidogo. Afisa na jaji watamsikiliza, na mtoto aliyefundishwa maneno anajulikana baada ya maswali mawili, kwa hiyo usimfundishe chochote.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui, nayo ni wewe kutangulia na watoto kufuata baadaye. Inauma, na kwa huyo wa miaka 6 mwaka mmoja ni mrefu sana, sikusukumi huko. Ila kama itabidi, shika hili kwa mikono miwili: WATAJE WATOTO WOTE kwenye ombi lako la sasa hata kama hawasafiri na wewe, na wapimwe afya kama wanavyotakiwa. Kwa Kanada, mtoto ambaye hukumtaja na hakupimwa wakati unahamia unaweza ukazuiwa kuja kumvuta baadaye kama familia. Nimeona mama aliyeambiwa na ajenti asiandike watoto ili faili lake liende haraka, faili lilienda haraka kweli, na machozi yake hayajakauka mpaka leo. Ukiwataja, mtoto asiyeoa wala kuolewa anahesabika tegemezi mpaka kabla hajafika miaka 22, kwa hiyo muda unao.

Mtu akikushauri mume mpya awaasili watoto ili baba atoke kabisa kwenye picha, mwambie hapana. Kuasili kunahitaji ridhaa ya baba huyohuyo, na kunamuondolea haki zake za mzazi kisheria. Mtu aliyegoma kusaini fomu moja atasaini hiyo?

Kama kwenye stori yenu kuna kupigwa au vitisho ambavyo hukuviandika, basi sahau nilichosema kuhusu kikao cha Mbale. Usikutane naye, nenda moja kwa moja kwa wakili, kuna sheria ya 2010 ya ukatili wa majumbani inayokupa amri ya ulinzi, na akitishia kuwachukua watoto piga 116, ile namba ya Sauti ya watoto, ni bure. Pesa ya wakili ikikosekana nenda FIDA Uganda, hao mawakili wanawake wako tangu 1974 na kesi za namna hii ni chakula chao cha kila siku, au uulizie Justice Centres, vituo vya msaada wa sheria.

Siku unayoenda kumuona wakili beba vyeti vya kuzaliwa, karatasi ya kadhi, cheti cha ndoa mpya, risiti za shule za miaka hii minne, barua ya LC1, na simu yako yenye meseji zote za baba watoto, nzuri na mbaya, hata zile mbili za pesa. Usifute kitu. Na ile karatasi ya mpango wa Jumamosi na likizo, hata kama umeiandika kwa kalamu na ina mikwaruzo, iweke juu ya zote. Tiketi usinunue bado.